Maji Mazito ya Kwari

Kahawa Wendani,
S.L.P. 318,
Ruiru.
24 Machi 1996

Mpendwa Mjomba Urbanus,

Pokea salamu kutoka kwa Mama kule Thika, na kutoka kwangu hapa Wendani. Habari za Botswana na shule yenu? Mgongo wa Auntie Jackie umepata nafuu? Sisi mvua bado tunaingoja, joto limetuzidi. Mama hajambo. Mimi pia mwili hauna neno, ila moyo umekataa kutulia, na ndiyo maana nakuandikia wewe kabla ya mtu mwingine.

Uliniuliza sisi watu wa bara tunasoma nini kuhusu bahari. Mjomba, bahari si maji ya aina moja. Yamelala kwa matabaka, na kila tabaka lina joto lake, chumvi yake na densiti yake, yaani uzito wa maji kwa kipimo kilekile. Maji baridi yenye chumvi nyingi huwa mazito, hujilaza chini. Ukipima joto na chumvi unaweza kujua maji yametoka wapi. Yale ya Bahari ya Shamu hutambulika hata yakiwa mbali sana na kwao.

Mwezi ujao tunapanda meli ya utafiti kutoka Mombasa. Kwa hivyo Daktari Wainaina, mwalimu wetu, alitupeleka kwenye kwari moja ya zamani hapa Ruiru, machimbo ya mawe yaliyojaa maji, tujifunze kushusha chupa ya kuchotea maji ya kina. Chumvi hapo hakuna, lakini joto hubadilika ukishuka. Tulikuwa watatu juu ya mbao zilizofungwa kwenye mapipa: mwalimu, mimi, na Gathogo wa darasa letu.

Chupa ilinasa chini kwenye mawe. Gathogo akavua shati.

"Ndila, shika kamba. Hii ni kitu kidogo."

"Achana nayo!" mwalimu akapiga kelele. "Tutatafuta ingine."

Gathogo alikuwa ameshazama.

Niliona nyayo zake zikififia, kisha maji yakafunga. Mjomba, nilingoja. Viputo vilipanda, vikapungua, vikaisha. Sijui kuogelea, na Daktari Wainaina pia hajui. Maji yalikuwa yametulia kabisa, unaona mawingu ndani yake, na mtu yuko chini. Nilisikia sauti ikimlilia Mungu, "Ngai! Ngai!" nikafikiri ni mwanamke fulani kule ukingoni. Kumbe ni mwalimu.

Ndipo kamba ikashtuka mkononi mwangu, ikawa nzito. Tulivuta wote wawili mpaka viganja vikachubuka. Gathogo alitokea akiwa ameizungusha kamba kwenye mkono, midomo imekuwa ya kijivu. Tulimlaza kifudifudi akatapika maji. Neno lake la kwanza: "Huko chini ni friji. Miguu ilikataa."

Alilazwa hospitalini kwa ajili ya kifua. Ameruhusiwa kurudi kwao Githurai, lakini safari ya meli ameikataa, na simlaumu.

Mjomba, naogopa. Katika grafu zetu kuna mahali mstari wa joto unaanguka ghafla. Nimeuchora mara nyingi bila kufikiri. Sasa nikiuchora naona miguu ya mtu ikikataa. Na ile ilikuwa kwari tu. Baharini chini yetu kutakuwa na maji ambayo hata jua halijawahi kuyafikia.

Juzi nilimwendea Daktari Wainaina nikamwambia nitaenda, ila kila mtu avae jaketi la kuokolea, na chombo kikinasa kamba ikatwe, asishuke mtu. Akasema, "Hivyo ndivyo nilivyopaswa kufanya siku ile." Macho yake yalikuwa mekundu.

Mama bado hajui. Jumapili ijayo nitashuka Thika nimwambie mwenyewe, kwa hivyo ukimwandikia kabla ya hapo usimgusie habari hii. Atalia, kisha ataniuliza kwa nini bado nataka kwenda. Nataka tu kuyajua hayo maji, hata nikiwa na hofu.

Msalimie Auntie Jackie na mtoto wenu Mumo, umwambie avae viatu. Mungu awafunike huko ugenini na awazidishie siku.

Usiniandikie kwamba nisiogope, Mjomba. Ogopa pamoja nami kidogo, halafu uniombee.

Ni mimi mpwa wako akupendaye,
Ndila