Mashine Naiamini, Mama Simwamini

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Goti lako linaendeleaje? Natumaini sasa unapanda ngazi bila kuitukana kila ngazi. Sisi tupo. Kusema hatujambo ningekudanganya, maana tangu tumzike mwanangu nyumba hii haina hata wa kumkaripia.

Shemeji yako amemaliza filamu yake na, kama kawaida, kanitupia mimi mkewe, mhariri wake wa bure. Ni hadithi ya miaka ijayo, ya mama aliyefiwa na mtoto. Mashine zake, dada, we acha tu! Kaunda mlango kwa friji bovu na vioo vya magari. Mtu anaupumulia, kioo kinafanya ukungu, na katikati ya ukungu anamwona aliyempoteza. Kisha mlango unafunguka, anavuka kumfuata. Mimi niliyemwona akigongelea misumari sebuleni kwangu, mwili ulinisisimka.

Lakini kisa kinavuja kama pakacha. Mji mzima hauna umeme, sasa mashine inawakaje? Mlinzi analala fofofo bila sababu, mradi tu mama apite. Hayo ningeyasamehe, kazi yangu ni kuficha aibu za watu. Ila huyo mama anavuka, anamkumbatia mwanawe, halafu anamsikia mumewe akimwita kutoka mlangoni, anageuka na kurudi. Hivi hivi! Nikamwambia shemeji yako kwamba mashine naiamini, mama simwamini. Hakuna mama angerudi.

Hakubisha, yeye anayebishana hata na redio. Aliniuliza taratibu kama mume kumwita mkewe si sababu. Nikamjibu kikazi, mkavu, kwamba haitoshi. Akavua miwani, akatoka nje pekupeku.

Ndipo nilipoelewa kwamba hakuwa akiuliza habari za filamu. Masikini, mtu wa watu kaandika filamu nzima ya kuniita, mimi nikakaa kumkosoa!

Dada, watu wameambiwa napata nafuu. Uongo mtupu. Ule mlango ungekuwa wa kweli, ningeshavuka. Nitasema wazi usije ukahangaika kufumbua: nataka kufa. Naamka nalo, nalala nalo, na hata nikicheka liko palepale. Shemeji yako kaliona kabla sijalitamka. Ananiita kila siku, kwa chai, kwa maswali ya kipuuzi, kwa filamu. Namsikia, dada. Namsikia vizuri kabisa, na miguu haigeuki. Naogopa sana.

Wewe ndiye uliyenibeba mgongoni kabla sijajua kutembea. Usinijibu kwa barua. Leo nitamweleza shemeji yako haya yote, nimwombe asiniache peke yangu hata kidogo mpaka ufike. Njoo, dada. Mniite wawili.

Wasalimie watoto wote, nawapenda. Waambie tu kwamba mama yao mdogo anaumwa, maana ni kweli.

Ni mimi, mdogo wako.