Tulivyomtafuta Mendo Tindigani

Jumanne. Mvua imekatika lakini mawingu yamegoma kuondoka, na miguu yangu ina tope mpaka magotini. Binti yangu Seche anasema ninawe kwanza. Nimemwambia shika simu yako uandike kwanza. Mimi kalamu siijui, mdomo ninao.

Leo tumemtafuta Mendo.

Mendo ni jirani yangu, tuliolewa hapa kijijini mwaka mmoja. Siku hizi kichwa kilikuwa kimemchoka. Anabandika maharage, anatoka kidogo, akirudi anauliza nani kabandika. Watu walicheka. Na mimi nilicheka, nisiseme uongo.

Jana hakuonekana. Mwanaye Yohana akasema mama kapanda gari kaenda mjini, kule Kikuyu kwa dada yake, maana wiki nzima alikuwa anamtaja. Wanaume wakaenda mjini, wakazunguka mpaka giza. Hayupo.

Leo asubuhi nikamwambia balozi wetu wa nyumba kumi twende mtoni. Akauliza kwa nini mtoni. Nikasema moyo unaniambia.

Tukatoka watu kama ishirini, tumefuatana mmoja mmoja, maana ile njia ya porini ni nyembamba, miiba ya migunga inakukwaruza huku na huku. Zamani ilikuwa njia yetu wanawake. Kiangazi tulikwenda kule tindigani, mto unakotuama, tunakwangua udongo wa chumvi, tunauchuja kwa maji, tunachemsha. Chumvi yenyewe nyeusinyeusi, lakini ukiitia kwenye mlenda, ya dukani huitaki tena. Mendo alikuwa fundi. Alionja udongo kwa ulimi akajua hapa ipo, hapa haipo. Ila hiyo ni kazi ya kiangazi. Mvua zikishaanza, tindiga inameza hata ng'ombe.

Balozi akanitania njiani: "Bibi, rudi nyumbani, usije ukazama tukaanza kutafuta wawili." Wakacheka kidogo. Mimi nikapita mbele, nikaongeza mwendo.

Tulimkuta saa tano. Tope limemfika kiunoni, mgongo kauegemeza kwenye matete, ndoo yake pembeni. Alikuwa wa baridi.

Yohana aliingia na viatu vyake, akamtoa peke yake, hakutaka kusaidiwa. Halafu akaja kunishika mikono, tope tupu, akasema, "Mama, bila wewe tungemtafuta wiki nzima. Mungu akubariki."

Nikasema amina.

Sasa nasema. Seche, usiache, andika.

Jana asubuhi nilimwona. Alipita mlangoni kwangu na ndoo na kijembe, kashika njia ile. Akanisalimu, "Mbukwa." Akasimama, akanisalimu tena. Sikuitikia. Mbuzi wake walinilia uwele, nikaapa simsemeshi mpaka aje kuniomba radhi. Sisi Wagogo salamu haiachwi hewani, hata mtu uliyegombana naye unamwitikia, na ukishaitikia unamuuliza anakotoka na anakokwenda. Ningemuuliza tu. Unakwenda wapi na kijembe, mvua hizi? Yeye hata hao mbuzi hakuwakumbuka, maskini. Ndiyo maana alinisalimu mara mbili.

Na walipokwenda kumtafuta Kikuyu nilikuwa nimekaa palepale, nachambua dagaa. Ningesema nilimwona, wangeniuliza ulimwambia nini. Nikajidanganya kwamba njaa ikimuuma atarudi. Usiku mvua ikanyesha. Niliisikia yote.

Seche ameacha kuandika, ananitazama. Haya, ameendelea.

Kesho tunazika. Wanawake wa ukoo wake wamekaa, wamesema nimwoshe mimi, kwa kuwa hakuna aliyekuwa karibu naye kuliko mimi. Nimekubali. Ningekataaje? Lakini kabla sijagusa maji nitamvuta Yohana pembeni nimwambie, yeye mwenyewe, kwa mdomo wangu huu, asije akayasoma humu.

Akisema toka, nitatoka. Ninachoogopa ni akisema, nenda tu mama, kamwoshe.