Majembe ya Watani

Mwembesongo, Morogoro
9 Februari 2025

Mjomba Tomasi,

Shikamoo. Habari za huko milimani, na goti lako linaendeleaje? Sisi huku wazima, ila jua la mwezi huu linatukaanga kuliko maandazi yangu. Nimeamua kuandika maana simu yako ni pambo tu. Nimepiga mpaka yule dada anayesema "haipatikani" nahisi tumeshakuwa ndugu. Oscar wa ndizi atakufikishia barua hii pamoja na sukari.

Mjomba, kuna jambo linaninyima raha. Pale ninapokaangia maandazi, kwenye kibaraza cha duka lililofungwa, analala mzee mmoja, Mzee Rashidi, Mnyamwezi wa Tabora. Alikuja mjini hapa kijana, akafanya kazi kiwandani mpaka kiwanda kikafungwa. Mkewe akafariki, mtoto hawakujaliwa, nyumba aliyopanga ikauzwa, na mwenye nyumba mpya akamtolea godoro nje. Sasa mali yake ni magunia na birika la kutawadhia. Mbu wanamla, wanafunzi wanamcheka, walinzi wa maduka wanamfukuza. Lakini mdomo wake mzima! Tangu asikie mimi Mluguru, kila asubuhi ni utani wa makabila yetu: "Wee Mluguru, maandazi yako magumu kama mawe ya kwenu." Namrudishia yake, tunacheka, namwachia chai.

Sasa mwenye duka anafungua tena. Mwisho wa mwezi anaziba kibaraza kwa geti la chuma, na masika ndiyo hayo yanakuja. Ataenda wapi na kifua kile?

Na msaada hataki. Parokiani kwetu walimpelekea blanketi, akashukuru, akalirudisha. Msikitini walimtafutia chumba, akakataa. Nilipombana akaniambia kwamba mwaka juzi walikuja vijana waliovaa fulana za kufanana. Wakamnyoa, wakamvisha, wakampiga picha, wakazirusha mtandaoni, halafu wakamrudisha palepale barazani. Mji mzima ukamwona kichwa kikiwa kipara. "Tangu siku ile," anasema, "mtu akinionea huruma natafuta pa kukimbilia."

Wewe ndiye mkubwa wetu, Mjomba. Nifanyeje?

Mpwa wako,
Devotha


Milimani, juu ya Mkuyuni
13 Februari 2025

Mpwa wangu Devotha,

Marahaba. Goti halijambo, linalalamika tu kama mama yako mdogo. Sukari imefika, ingawa Oscar naona aliionja njiani.

Nimeisoma barua yako mara ya kwanza nikasikitika, mara ya pili nikacheka peke yangu mpaka mbuzi wakanishangaa. Mnyamwezi! Mtoto wewe, una mtani hapo barazani na unahangaika na blanketi? Mtani hasaidiwi. Mtani anatukanwa, kisha anachukua kilicho chake. Alipozikwa babu yako, nani walitunyang'anya jogoo, wakaketi kwenye kiti cha marehemu na kutuchekesha huku tunalia? Wanyamwezi wa mashamba ya mkonge. Haki ile ni ya kuja na kurudi.

Nakuletea mkungu wa ndizi. Usimpe kwa upole, utaharibu. Mwambie umetoka kwa Tomasi, na maneno ni haya: "Babu zako walibeba mizigo ya watu mpaka pwani, wewe kujibeba tu umeshindwa?" Akitukana, ujue tumempata.

Na sikiliza: miti ya kujengea ipo, mianzi ipo, vijana wa ukoo wapo wanacheza bao. Tafuta kona ya kiwanja hapo mjini, hata ya upana wa mkeka. Mtani wetu hatazibiwa na geti mimi nikiwa hai!

Mjomba wako,
Tomasi


Mwembesongo
18 Februari 2025

Mjomba wangu,

Shikamoo tena, na pole ya goti. AMETUKANA! Nilimtupia ndizi na maneno yako vilevile. Aliziinamia ndizi, nikaogopa nimemuumiza. Kumbe anatafuta jibu. Akasema: "Mwambie Tomasi, Waluguru mlikimbilia milimani kwa kuogopa kila mtu. Sasa mmeanza kunihonga ndizi nisiwafuate." Akala nne palepale, zilizobaki akawagawia wauza mitumba kama mwenye shamba. Sijawahi kumwona hivyo, Mjomba. Alikaa wima.

Kasoro ni kiwanja. Bi Salma, jirani yetu, ana eneo kubwa na kona nzima iko wazi, lakini anasema ni ya kuku. Kuku wenyewe hana! Anaogopa mzee akishaingia hatatoka. Basi tumeitisha kikao cha mtaa Jumamosi, kabla mwezi wa Ramadhani haujaandama. Tutafunga turubai, tutaazima viti, na akina mama tutapika pilau, maana watu wa hapa bila sufuria jikoni hawaji. Tuombee.

Mpwa wako mwenye haraka,
Devotha


Milimani
22 Februari 2025, jioni

Devotha mwanangu,

Sina nguvu ya salamu ndefu. Oscar amefika sasa hivi, kofia mkononi, ametuambia. Tumeumia sana. Mtani wangu ameondoka kabla sijamjibu lile tusi la ndizi.

Mlindeni. Asizikwe kabla ya watani kufika, msituvunjie heshima. Goti halitaniruhusu, lakini Geofrey wetu anawaongoza vijana wa ukoo na akina mama. Wanashuka alfajiri na majembe, sururu, mikeka na kuni, pamoja na ile miti na mianzi niliyokwisha kuikata kwa ajili ya nyumba yake. Itafaa kwenye kaburi.

Mungu amlaze pema.

Mjomba wako,
Tomasi


Mwembesongo
25 Februari 2025

Mjomba, Mjomba, Mjomba!

Shikamoo, na kaa chini kwanza. Barua yako ya rambirambi nimeipata jana, Oscar aliisahau mfukoni. Watu wako walifika kabla yake. Na marehemu hajambo!

Ngoja nikueleze. Jumamosi Mzee Rashidi alikataa kuhudhuria kikao. Alisema hawezi kukaa akisikiliza watu wanamjadili kama mbuzi wa mnadani, akaenda mtoni kufua. Mafundi nao wakaja kupima geti, wakafagia kibaraza, wakakunja magunia yake. Ndipo Oscar akapita na ndizi. Akaona turubai, wanaume wamekaa kimya kwenye viti, akina mama wanachambua mchele, na pa mzee pamefagiwa. Wewe ungesemaje? Hakuuliza, maana msibani huulizi kafa nani. Alivua kofia, akageuza gari kuja kwenu. Laiti angesubiri, angetusikia tunavyogombana! Pilau lililiwa, kona haikupatikana.

Basi Jumapili alfajiri, mimi ndiyo kwanza nawasha jiko, nasikia Fuso linapiga honi. Juu yake Geofrey na ukoo mzima, majembe juu, wanaimba zile nyimbo za kumtukana marehemu. Bi Salma akachungulia dirishani. Alipoona majembe, akajua. Alitoka mbio, kanga moja, akajitupa chini katikati ya njia: "Mzee wangu wee! Ungesubiri! Ile kona ningekupa! Nilikuwa nakupa, Mzee Rashidi, kona ni yako, yote ni yako!" Mtaa mzima ukatoka. Kila mtu akasikia.

Na Mzee Rashidi yuko nyuma yangu, ana kikombe cha uji.

Alisogea polepole, akasimama mbele ya Bi Salma, akasema, "Ahsante, mama. Nimeipokea." Bi Salma aliruka, Mjomba, sijui kama aligusa ardhi!

Geofrey akashuka kwenye gari amekasirika kabisa: "Mzee, huu ni utapeli! Umetutoa milimani kwa kufa kwako, halafu hufi?" Mzee akamjibu, "Waluguru bwana. Ningekuwa nimekufa kweli, ningeoza nawasubiri nyie." Watu walicheka mpaka wengine wakashika ukuta.

Kisha wote tulimgeukia Bi Salma. Angeweza kukana. Lakini maneno ya kilio yakishatoka mbele za watu, utayarudisha na uso gani? Akajifunga kanga vizuri, akatutazama, akaanza kucheka yeye mwenyewe. "Majembe si mnayo?" akasema. "Mnangoja nini? Chimbeni."

Wakachimba, Mjomba! Yale majembe ya kaburi ndiyo yaliyochimba msingi. Mafundi wa geti wakaacha geti wakaja kupima kuta. Parokiani wametoa mabati, msikitini wametoa saruji, na safari hii mzee hakukataa, kwa sababu hakuna aliyempa kwa sauti ya chini ya huruma. Geofrey aliweka tenga mlangoni kwa Bi Salma, kila anayeingia anaweka simu humo. "Hapa hapigwi mtu picha," akasema. Mzee alisikia. Akaenda nyuma ya mianzi, akakaa huko kidogo, aliporudi macho yalikuwa mekundu. Nikamwambia ni moshi wa kuni zetu. Akasema, "Kuni za Kiluguru, zina moshi kama ubishi wenu."

Vijana wako wanarudi kesho kuezeka kukiisha. Nina furaha mpaka naunguza maandazi.

Mpwa wako,
Devotha


Milimani
1 Machi 2025

Devotha,

Marahaba, marahaba. Nimesoma barua yako kwa sauti hapa uani, mara tatu, kila jirani akifika naanza upya. Oscar tumemtoza jogoo kwa kutufanya tulie bure, na amelipa.

Nilikuwa nachonga mlango nilipopata habari ya kifo, nikauacha na kuufunika kwa gunia. Nimeumalizia. Ni wa mninga, anauleta huyohuyo Oscar. Mwambie mtani wangu kitu hiki kinaitwa mlango, kinafungwa kwa ndani. Asikibebe kichwani akidhani ni mzigo.

Je, ameshalala humo? Hukuniambia.

Mjomba wako,
Tomasi


Mwembesongo
14 Machi 2025

Mjomba,

Shikamoo. Goti vipi na baridi hiyo? Nilichelewa kujibu swali lako kwa sababu jibu lilikuwa hapana, na sikutaka kukuumiza. Mlango ulipachikwa, kitanda kikaingia, Bi Salma akawa anampelekea futari kila magharibi. Lakini kulala alilala nje, kwenye kibaraza chake kipya, magunia yaleyale. Akasema kuta zinamkaribia. Nilimtukana kila tusi ninalolijua, ikashindikana. Niliumia, Mjomba. Nikawaza labda tumejenga bure.

Jana masika yakaanza, na yalianza kwa hasira. Asubuhi nimetoka na mwavuli, naona kibaraza kinatiririka maji. Mzee hayupo, magunia hayapo, hata birika. Nikampigia kelele Bi Salma, naye akaja na kanga kichwani, majirani wakajaa kwenye mvua, na Bi Salma alikuwa ameshafungua mdomo kulia.

Tukasikia komeo. Mlango wako ukafunguka kidogo. Mzee Rashidi akatoa kichwa, ana alama ya mto shavuni, akatutazama mmoja mmoja.

"Nani kafa tena?" akauliza.

Tulicheka, tukalowa, mimi nikalia na sioni aibu kukuambia. Aliniita karibu akanipa ujumbe wako, nauandika kama alivyousema:

"Mwambie Tomasi, siku nikifa kweli, majembe yaje yaleyale. Lakini wakifika wasiniingilie kama kibarazani. Wabishe hodi kwanza. Hapa kuna mwenyewe."

Kisha akafunga mlango, kwa ndani.

Mpwa wako,
Devotha