Tumeapa Kutoka Kwenye Muungano wa Mwani, na Wifi Yangu Hana Upande

Bi Mize mpenzi, assalaam alaykum. Nakuomba barua hii uisome mpaka mwisho kabla hujanipa jina, maana mie mwenyewe nishajipa majina yote, na nakuandikia wewe kwa sababu hapa kijijini kila ninayemfikiria kumwomba ushauri ana upande wake katika jambo hili, na wewe angalau huna kamba ya mwani baharini.

Mie ni mwalimu wa uraia katika skuli ya sekondari, nimezaliwa Gando nikaolewa Kiuyu, mwaka wa kumi na tisa huu, na kama wanawake wengi wa hapa nalima mwani, nikitoka skuli nikakuta maji yamekupwa nami naingia. Kikundi chetu kina wanawake thelathini na nne, na kwa miaka minane tumekuwa ndani ya Muungano wa vikundi vitano vya ukanda huu, ghala moja, mnunuzi mmoja, sheria moja, na kamati moja inayokaa mbali na sie. Sisemi Muungano haukutufaa, mwanzo ulitufaa sana, lakini siku hizi sie tunakausha mwani wetu juu ya vichanja siku tatu mpaka ukakauka kweli, wenzetu wengine wanautandaza mchangani wakauzoa na mchanga wake, ukifika ghalani unachanganywa wote bei moja, na tukisema tunaambiwa tuna wajumbe wawili katika kumi na watano basi tungoje, na tumengoja, Bi Mize, tumengoja mpaka tumechoka.

Basi tukapiga kura, ishirini na moja wakasema tutoke, kumi na tatu wakasema tubaki, na kazi ya kwenda kuzungumza na Muungano nikapewa mie, kwa sababu kila mwaka nawafundisha watoto wa kidato cha nne habari za Uingereza ilivyotoka katika Umoja wa Ulaya, na watoto wakirudi nyumbani wanawasimulia mama zao, kwa hiyo Suhaila, mwenyekiti wetu, akasema, "Mwalimu ndiye anayejua nchi zinavyotoka, atuongoze yeye." Na mie, siku hiyo, kichwa kilivimba, sikufichi.

Kosa langu ndilo hili. Niliwaambia kwamba kilichowachosha Waingereza ni kuomba muda na kuomba tena, na kwamba sie tusijidhalilishe hivyo, basi Ijumaa moja katikati ya Mfunguo Mosi, mwezi unaofuata Ramadhani, baada ya Alasiri tumekusanyika chuoni, pale watoto wanaposomea Kurani, nikasema tufungane kwa yamini, ukaletwa Msahafu, na maneno ya kuapa nikayaandika mie kwa mkono wangu huu huu: kwamba mwisho wa Mfunguo Pili tutakuwa tumetoka, kwamba hatutaomba kuongezewa hata siku moja, na kwamba hatutaacha ndani ya maji yetu kamba hata moja ya mtu wa Muungano. Mmoja mmoja akaweka mkono, hata wale kumi na tatu waliokataa kutoka, maana nani atakataa mbele ya Msahafu na kijiji kizima kinamtizama?

Sasa nikwambie Ummi ni nani. Ummi ni wifi yangu, dada yake mume wangu Silima, kazaliwa hapa hapa Kiuyu akaolewa Kitongani, ng'ambo ya hori, ule mkono wa bahari unaotutenga nao, na mumewe alifariki mwaka juzi akamwachia watoto wanne na nyumba ambayo hawezi kuihama. Kitongani wao wanabaki katika Muungano. Lakini kamba za Ummi ziko huku, katika maji yetu, palipokuwa pa mama yake, kila bamvua, maji yakipwa sana, yeye anavuka hori kwa miguu na beseni lake kichwani anakuja kuvuna huku, anakausha juu ya vichanja vyetu, na tukikaa kula kikoa, kila mmoja kaja na chungu chake, muhogo wa nazi wa Ummi ndio unaokwisha mwanzo. Nilipokuja hapa bibi harusi sijui hata kufunga mbegu kwenye kamba, ni yeye aliyenifundisha, akinicheka vidole vyangu vya chaki. Na Bi Mize, wallahi, nilipokuwa naandika yale maneno ya yamini sikumkumbuka. Nilikuwa namfikiria mtu wa Muungano kama mtu wa mbali, mtu wa kamati, sikumwona Ummi.

Kikao cha pili na Muungano tumekwenda, mie na Suhaila, upande wa pili amekaa Mzee Nyange, mwenyekiti wao, na ubavuni mwake mjumbe wa Kitongani, na mjumbe huyo ni Ummi. Nikasoma masharti yetu. Nilipofika pale pa kamba, Mzee Nyange akauliza kwa upole, "Na za huyu hapa?" Mie nikatizama karatasi. Ummi akasema, "Mwalimu, sheria ya Muungano hainiruhusu kupanda nje ya maji ya Muungano, na nyinyi mwasema hamtaki kamba ya mtu wa Muungano. Kwa hiyo mimi mnanitoa huku na kule. Nataka kujua tu, ni hivyo?" Hajawahi kuniita Mwalimu maishani mwake, siku zote ni wifi. Nikaendelea kusoma sharti lililofuata. Nimefikiria aingie kikundi chetu, lakini katiba yetu inataka mkaazi wa hapa.

Sasa nakuungamia lile ambalo sijamwambia mtu. Kikao kilipokwisha Mzee Nyange akaniita pembeni, Suhaila akiwa ameshatangulia, akanambia, "Mwalimu, ombeni mwaka mmoja. Mwaka huo mtauza ghalani kama zamani, na wenye kamba huku na nyumba kule wabaki walipo, tukae tuwaandikie utaratibu wao. Si Ummi peke yake, wako kumi na mmoja. Ombeni tu, sie hatukatai." Nikamwambia nitaufikisha ujumbe. Sijaufikisha. Leo siku ya kumi na moja, wenzangu nimewaambia kikao kilikwenda vizuri, kwa sababu yamini niliitunga mie na nitawaambiaje leo tukaombe muda? Naogopa wataniona dhaifu, naogopa yamini itatupata sote, tuna wajawazito watatu katika kikundi. Silima jana ameniambia, "Ukimtoa dada yangu baharini, usinitie mimi katika maneno," akaenda zake msikitini. Zimebaki siku kumi na sita tutie saini. Nivunje yamini, au nimvunje Ummi? Nisaidie, sina usingizi.

Mwalimu M., Kiuyu

BI MIZE ANAJIBU:

Waalaykum salaam, Mwalimu. Jina sikupi, na hayo uliyojipa yafute. Mtu aliyejua kabisa anachokifanya haandiki barua kama hii. Pole sana, na pole zangu mfikishie na Ummi.

Kwanza nikutoe wasiwasi mmoja. Kutaka kutoka hamkukosa. Mmechoka kuchanganyiwa mwani mkavu na mchanga, mmesema hamkusikilizwa, mmepiga kura. Hiyo ni haki yenu, na atakayekwambia umevunja udugu kwa sababu ya kura ile mwambie aje akae siku tatu juani ageuze mwani vichanjani, kisha arudie maneno yake.

Lakini hebu, Mwalimu wa uraia, ukifundisha habari ya Uingereza kuna ukurasa unaouruka? Waliomba kuongezewa muda mara tatu, umesema kweli. Walitukanana hadharani, mawaziri wakuu wakaondoka mmoja baada ya mwengine, na baadhi ya mambo bado yanawauma mpaka leo. Sikwambii uige. Nakwambia tizama walichoanza kukizungumza. Kabla ya kuuza na kununua, mezani waliwekwa watu: yule Mfaransa anayeishi London, yule Muingereza mzee aliyehamia Hispania, wataishi vipi na chini ya sheria ya nani. Na kilichowatoa jasho kuliko chote ni Ireland, ambako mpaka umepita katikati ya kisiwa, mtu analala upande mmoja na shamba lake liko upande wa pili. Na hata walipokwisha kutoka, karibu mwaka mzima waliendelea na taratibu za zamani ili watu wapate kujipanga. Serikali kubwa zile, zenye wanasheria wa kujaza uwanja wa mpira, zilihitaji mwaka. Wewe umejipa mwezi na nusu, na ukafunga mlango kwa Msahafu! Lahaula, Mwalimu!

Na yule mtu wa huku na kule, kwenu nyinyi, ni Ummi. Hakuwa pembeni ya mazungumzo, alikuwa ndiyo mazungumzo yenyewe, na ilibidi awe wa kwanza kuandikwa.

Sasa yamini. Najua khofu yake, nami nimelelewa katika khofu hiyo hiyo, kwa hiyo sikujibu kwa kichwa changu. Nimekwenda kumuuliza Shehe, sikutaja kijiji wala mtu. Akanambia mtu aliyeapa jambo, kisha akaona lililo bora kuliko lile, basi afanye lililo bora na atoe kafara ya yamini yake: alishe masikini kumi, au awavishe, na asiyeweza afunge siku tatu. Yamini haikuwekwa iwe kisingizio cha kumdhulumu mjane. Nawe muulize Shehe wa kwenu, usinitegemee mimi peke yangu katika dini. Lakini hesabu mwenyewe: mliapa thelathini na nne, kila mmoja na kafara yake. Masikini watakula mpaka waombe mapumziko! Na wale wajawazito waambie watulize roho zao.

Hapo nimekuliwaza. Sasa nitakugombeza, na vumilia.

Kubwa zaidi ya yamini ni hili la siku kumi na moja. Wenzako walikutuma ukazungumze, hawakukutuma ukawachagulie cha kusikia. Umepewa jibu ambalo lingewaokoa wanawake kumi na mmoja, na wewe umelikalia ili usionekane dhaifu. Kwani hicho kikundi ni chako? Hao kumi na tatu walioweka mkono kwa haya, hukuona kwamba umewafunga mdomo? Wewe mtu wa kufundisha watoto haki ya kupiga kura! Na Suhaila umemwacha aende kwenye saini akiwa kipofu, naye ni mwenyekiti wako. Hapa, Mwalimu, umekosea khasa, na hakuna wa kumlaumu ila wewe.

Basi fanya hivi. Usingoje bamvua. Kesho, baada ya Alasiri, waite wote thelathini na nne. Simama useme alichokwambia Mzee Nyange, neno kwa neno, na useme ulikificha na kwa nini. Watapiga kelele, waache wapige. Mmoja atakwambia maneno machafu, meza. Kisha pigeni kura upya juu ya jambo moja tu, kuomba mwaka au kutoomba, na mara hii Msahafu ubaki kabatini, iwe kura ya siri. Kutoka mmeshaamua, hilo msilifungue tena, la sivyo mtagombana mpaka Mfunguo Mosi wa mwakani.

Mkikubali kuomba, ombeni kwa maandishi na mwaka uwe na tarehe ya mwisho, maana kuongezewa muda bila kuona mwisho ndiko kulikowachosha hao Waingereza wako. Wale kumi na mmoja waandikwe kwa majina. Iandikwe kwamba kamba za kurithi zinabaki kwa mwenyewe maisha yake, akae Kiuyu au Kitongani, akaushe huku, auze atakako yeye, na pande zote mbili zirekebishe sheria zao ili kipengele hicho kisimame. Katiba yenu inayotaka mkaazi imeandikwa na watu, haikuteremshwa, ibadilisheni. Na mkigombana, wasuluhishe watu watatu, mmoja wenu, mmoja wao, na wa tatu mnayemkubali nyote. Msiache tatizo kwa kusema tutaelewana. Mtaelewana leo kwa kuwa mnajuana, watoto wenu je?

Na kipengele hicho cha wale kumi na mmoja usikizungumze wewe. Mwachie Suhaila. Ukimpigania Ummi watasema unampendelea wifi yako, ukikaza watasema unajionyesha huna upendeleo, na kwa nionavyo mimi ndivyo ulivyofanya ulipotizama karatasi. Silima naye usimbembeleze, akiona umefanya haki atarudi katika maneno mwenyewe.

Limebaki moja, na hili lifanye kabla ya hayo yote, leo hii maji yakipwa. Vuka hori uende Kitongani. Usichukue karatasi, usimchukue Suhaila, na habari ya mwaka mmoja usianze nayo, maana atadhani umekwenda kumnunua. Usimtajie yamini wala kikundi wala Uingereza. Mwambie Ummi ulimsahau. Sema hivyo hivyo, kisha unyamaze, umwache atoe yake yote hata yakikuchoma, mpaka amalize mwenyewe.

Bi Mize