Ngitili Yetu Wameiandika Haitumiki

Geita

Baba yangu,

Mwangaluka, na shikamoo juu yake, kwa kuwa barua hii itasomwa mbele ya watu. Mgongo unaendeleaje? Wifi aliniambia kwamba siku hizi unainuka kitini kwa kushika meza, nawe nikikuuliza unasema huumwi kitu. Namwamini wifi. Mvua za huko zikoje, na mpunga wa bondeni umeshika maji? Huku Geita mimi ni mzima, wajukuu zako wanakwenda shule, na jiko langu la kuwapikia wachimbaji bado liko palepale jirani na makarasha ya kusaga mawe.

Nimeandika badala ya kupiga simu kwa sababu ukipokea simu unasema "sawa, sawa, salimia watoto," halafu unakata, na hili si jambo la sawa sawa. Barua nimempa kondakta wa basi la Shinyanga aifikishe kwa shangazi pale Ngokolo, na shangazi ameahidi kuileta kijijini mwenyewe. Wifi akusomee yote, hata pale nitakapokukera. Nimekasirika, Baba, na sehemu ya hasira hiyo ni yako.

Wiki iliyopita niliitwa mjini kwenye kikao cha kutoa maoni juu ya rasimu ya sera ya nishati na mabadiliko ya tabianchi. Si unajua mimi ndiye mwenyekiti wa mama lishe wa huku machimboni? Nikavaa kitenge changu kizuri nikaenda. Nilikuwa na yangu ya kusema. Tunaambiwa tuache mkaa, na ni kweli tuuache, maana vilima vya huku vimebaki vipara na sisi wapishi tumechangia. Lakini gesi ikiniishia, mtungi unakaa siku tatu ukisubiri gari, na mchimbaji aliyetoka shimoni hasubiri siku tatu kula. Umeme nao ukikatika makarasha yanasimama, watu wanakaa bila kazi, na wali wangu unalala. Nikayasema yote hayo nimesimama. Wakayaandika, wakanishukuru kwa mchango mzuri.

Muda wote huo nasikia harufu ya pilau. Nikatoka kidogo, nikakuta nyuma ya ukumbi wanawake watatu ninaowafahamu wanapepea mkaa kwenye majiko makubwa, wanapika chakula cha wajumbe wa kikao cha kukataza mkaa. Nilicheka hadi nikashika ukuta. Nikawauliza kama kuna aliyewaletea gesi, wakaniambia, "Dada, tumeletewa gunia, tena tumeambiwa tujifiche upande huu." Nikarudi ndani.

Baada ya chai akasimama mtaalamu mmoja, kijana wa miwani, mpole, kutueleza nchi ina njia zipi. Akasema mabwawa yanatoa umeme mwingi lakini mvua siku hizi haziaminiki, gesi tunayo lakini nayo inachafua hewa, makaa ya mawe yanachafua zaidi, upepo na jua vipo na bado hatujavitumia vya kutosha. Akasema nchi isitegemee chanzo kimoja, siku kikikauka tukae gizani. Hapo nilimpenda kwa kweli, maana alizungumza Kiswahili cha kueleweka. Akasema Shinyanga ina jua la kutosha, hivyo wanataka kutandaza paneli eneo kubwa, umeme upite kwenye nyaya kubwa uende migodini na mijini. Nikapiga makofi, Baba. Mimi, mwanao, nilipiga makofi kwa mikono yangu miwili.

Halafu akaonyesha ramani ukutani. Maeneo yaliyopendekezwa yamepakwa njano, na chini pameandikwa kwamba njano ni ardhi isiyotumika. Nikaona barabara yetu. Nikaona shule, nikaona kigango, nikaona korongo. Na katikati yake, njano tupu, ngitili yetu yote mpaka kwenye ile migunga ya upande wa korongo.

Nilinyoosha mkono nikiwa tayari nimesimama. Nikamwambia, "Hiyo si ardhi isiyotumika. Hiyo ni ngitili. Tunaifunga mvua zinapoanza, nyasi zinakua, miti inapumzika, na kiangazi kikikaza tunaifungua ili mifugo ipate kula. Bila hiyo ng'ombe wetu wanakufa." Akanisikiliza. Akapekua karatasi zake, akasema, "Mama, timu yetu ilifika wakati wa mvua. Haikukuta njia, haikukuta nyayo, haikukuta mtu. Tena ilimuuliza mzee mwenyewe anayesimamia eneo hilo, na jibu lake ninalo hapa." Akasoma: "Hapo hatufanyi kitu. Haingii mtu wala ng'ombe."

Nikakaa chini. Nilikujua kwa maneno hayo kuliko ambavyo ningekujua kwa picha. Hakuna mwingine anayesema hivyo, na najua ulivyosema, umeinua kidevu, unajisifu. Maana kwako hiyo ndiyo kazi yenyewe, kuhakikisha haingii mtu. Sasa hebu niambie, wale walikuwa watu wa kwetu? Walijua kwamba nyasi zile ndefu ni akiba ya kijiji kizima? Hukuwaambia habari ya kiangazi hata neno moja. Uliwajibu kama unavyomjibu jirani anayejua kila kitu, wakakuaga kwa heshima na jibu lako mfukoni.

Na wao je? Nimewakasirikia zaidi, usidhani nakuonea. Walikuja siku moja, wakaona majani, wakaondoka. Hawakurudi kiangazi, hawakuuliza wanawake wanakookota kuni zilizoanguka, hawakuuliza kwa nini upande huu una miti na upande ule ni vumbi. Wanasema wanataka kuokoa mazingira, halafu wanataka kung'oa msitu mdogo ambao wazee walioacha vipande vya ardhi vipumzike wametutunzia bila kulipwa na mtu. Kuna tambarare ngapi zilizoliwa na chumvi ambako hata mbuzi hapati kitu? Waziweke paneli zao huko, na sisi tutawashika mikono. Na umeme huo ukipita juu ya mapaa yetu kwenda mgodini, wifi ataendelea kumulikia kibatari? Niliuliza hilo pia. Nikajibiwa kwamba ni suala la awamu nyingine.

Baada ya kikao nikamfuata yule kijana mlangoni. Si mtu mbaya. Akaniambia maoni yangu yameandikwa, lakini maoni hayafuti taarifa ya uwanjani. Timu itarudi kuhakiki kabla mvua hazijaisha, na ikikuta eneo linatumika, itabadilisha. Nikamwambia waje mwezi wa nane. Akasema ratiba haifiki huko. "Wanachoandika ni wanachokiona, mama," akaniambia. Sijawahi kuchukia jibu la kweli kama nilivyochukia hilo.

Kwa hiyo, Baba, nakuomba jambo ambalo najua litakuuma. Wakija, ngitili iwe imefunguliwa. Nyasi zikiwa bado mbichi, kabla mbegu hazijaanguka. Waone ng'ombe ndani, waone nyayo, wawakute wachungaji.

Najua ninachokuomba. Mwaka ule wa ukame nilikuwa mdogo lakini nakumbuka. Mama alikulilia ufungue juma moja tu kabla ya wakati, ndama wawili walikuwa hawasimami tena, nawe ukakataa, na walikufa wote wawili pale uani. Nilikuchukia, Baba. Niliacha kukusalimia mpaka mama akanichapa. Kiangazi kilipokaza, ng'ombe wa vijiji vya jirani wakaanguka njiani na wetu wakabaki, ndipo nikaelewa. Sasa mimi huyohuyo ndiye ninayekuambia ufungue. Mwaka huu kiangazi kitatubana, na wako watakaopoteza mifugo, na watasema ni kwa sababu ya binti yako. Waache waseme. Majani ya mwaka mmoja yataota tena, lakini vigingi vikishapigwa hatutaviona vikitoka.

Waite wazee wa dagashida wakae baraza la kijiji, wifi awasomee barua hii, na mwamue wenyewe. Wakikubali, wale ng'ombe wangu wanne walio katika zizi lako ndio watangulie kuingia.

Nisalimie mjomba fundi baiskeli, umwambie spoku nitamtumia. Msalimie mama mdogo wa kwa Maganga, aliyenilea mama alipokuwa hospitali. Wifi Nkwimba, anayekusomea haya, asante kwa sauti yako, na usiruke mahali.

Na mkishafungua, msiniache nje ya sheria kwa kuwa niko mbali. Faini ya anayeingiza ng'ombe kabla ya wakati ni dume. Wangu ni yule mwekundu mwenye baka jeupe usoni. Mtoeni.

Ni mimi binti yako,
Kabula