Kura Niliyowaahidi Watu wa Mukuyuni

Alhamisi. Jua limewaka tangu asubuhi na mimi nimeshinda na moyo mzito.

Mwezi uliopita chifu aliniomba nitafsiri kwenye baraza la maoni kuhusu shirikisho la Afrika Mashariki, yaani nchi zetu kuungana chini ya serikali moja. Maafisa walikuja na Kiswahili cha ofisini, na wazee wetu wanasikia Kikamba. Mimi ni mwalimu. Nilikubali, hata nikajiona mtu wa maana.

Mama Ndunge, anayeuza ndengu hapa sokoni, alisimama kuuliza. Alitaka kujua kama tutapiga kura kabla ya nchi kuunganishwa, na kama tukikataa, itakuwa tumekataa kweli.

Afisa alijibu kwa kirefu. Maoni yatazingatiwa, utaratibu utafuatwa. Sikusikia ndiyo wala hapana. Lakini watu walikuwa wamechoka, nami nilitaka tumalize. Nikamwambia kwa Kikamba kwamba ndiyo, kura itakuwepo.

Nilidanganya.

Akaketi, ameridhika. Karatasi ya mahudhurio ikapitishwa, wote wakaweka sahihi au kidole gumba.

Leo chifu amenionyesha ripoti. Inasema wakazi wa Mukuyuni wanaunga mkono shirikisho, na zile sahihi zimeambatishwa kama ushahidi. Kura haijatajwa popote. Nilipouliza kama tunaweza kupinga, chifu alisema imeshapelekwa, na kwamba hayo ni mambo ya wakubwa.

Nilienda sokoni nikamwambia Mama Ndunge yote. Hakunifokea. Aliendelea kupepeta ndengu zake, kisha akasema, "Mwalimu, yule afisa simjui. Mimi niliamini kwa sababu ni wewe ulisema."

Nikarudi nyumbani na maneno hayo.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba sipingi kuungana. Dada yangu ameolewa Arusha. Pengine ningepiga kura ya ndiyo. Lakini hii "ndiyo" iliyoandikwa kwenye ripoti, hakuna aliyeisema. Nchi mpya itajengwa juu ya vidole gumba vya watu waliodhani wanaonyesha tu kwamba walihudhuria.

Nimeandika barua kukiri nilivyotafsiri. Chifu anasema hakuna ofisi itakayoipokea. Nitaipeleka hata hivyo, ingawa sitarajii kitu.

Baraza lingine likiitishwa, nani atasimama kuuliza?