Kitambaa Nilichokikaza Mimi

Wifi Salome,

Mashine imepona. Naanza na hilo kwa sababu ndilo ulilokuwa ukiuliza kila asubuhi ulipoingia dukani hapa Utemini, kabla hata hujavua kanga: "Wifi, leo imeamkaje?" Kana kwamba ni mgonjwa. Mara nyingi sikukujibu.

Unakumbuka ilivyokuwa ikiruka mishono. Tunatandaza blanketi la vipande kwenye ile fremu ndefu, unashika mashine kwa mikono miwili, unaisukuma juu ya reli zake. Mishono mitatu mizuri, kisha pengo, kisha uzi unakatika. Kwangu pia ilikuwa inaruka, wifi. Ila ya kwangu nilikuwa naifumua kabla hujafika. Ya kwako nilikuwa naita watu waje kuona.

Siku wamama wa kwaya walipokuja kuchukua blanketi la mchungaji, ulininong'oneza, "Wifi, tulegeze kidogo. Kitambaa kimekazwa mno." Nikakujibu kwa sauti, wote wasikie: "Mikono yako ni kama tumbo lako. Haimalizi kitu."

Nilijua mimba mbili zilikuharibikia. Ile ya pili mimi ndiye niliyekupeleka hospitali.

Hukulia. Ulikunja kile kitambaa cha kufutia mafuta, ukakiweka mezani, ukatoka. Kesho yake kaka Elia, mumeo, akaniambia umeenda Sepuka kumsaidia mama yako kupiga alizeti.

Mashine ikaendelea kuruka. Nikabadilisha sindano. Nikatunga uzi upya kuanzia juu. Nikafungua kwenye bobini ya uzi wa chini, nikatoa vumbi la pamba, nikatia mafuta. Wapi! Siku ya tatu niliamka mgongo unaniuma, nikashindwa kuikaza fremu kwa nguvu kama kawaida yangu. Kitambaa kikabaki na ulegevu, ukikigusa kwa kidole kinabonyea. Nikashona kutoka upande huu mpaka ule, haukuruka hata mshono mmoja. Sikuamini. Nikakaza tena, ikaruka. Nikalegeza, ikashona. Kitambaa kikivutwa vile sindano inapinda, haikutani na uzi wa chini. Basi. Ndicho ulichokuwa umesema.

Simu ilikuwa mezani. Niliitazama. Nikasema moyoni, nikimpigia huyu atanipanda kichwani.

Wiki mbili nzima, wifi. Wamama wa kwaya walipita wakasema, "Tangu yule aondoke mashine imetulia." Nikacheka nao.

Kisha homa ikakushika hukohuko Sepuka. Siku nne tu, ukatutoka. Msibani nilipika, nilipokea wageni, nililia mpaka wakanishika. Watu wakasema hawajaona wifi anayempenda wifi yake namna hii. Nikawaacha waseme.

Jumapili nilimweleza Elia yote. Alinisikiliza akiwa amesimama mlangoni, hakutaka kukaa. Akauliza jambo moja: "Ulijua kabla hajafa?"

Nikasema ndiyo.

Akaniambia, "Nilipoenda Sepuka kumwona, nilimkuta amenyoosha mikono mbele yake, anaiangalia kama inatetemeka. Akaniuliza mimi kama ina kasoro. Nikamwambia labda wewe, Joyce, umeona kitu, maana wewe ndiye fundi."

Akaondoka. Hajarudi, wala hapokei simu yangu.

Sikuombi msamaha. Ungekuwa hai ungenipa, nakujua, nami ningeupokea haraka haraka nirudi kazini. Afadhali nikae bila.

Lala, Salome. Mikono yako ilikuwa mizima, na macho yako, na akili yako iliyonishinda. Wamama wa kwaya nimeshawaambia. Mmoja alisema nimechanganyikiwa na msiba. Kesho napanda gari la asubuhi kwenda Sepuka. Nitamwamkia mama yako. Najua hajui chochote bado, ataitikia "marahaba mwanangu," atanivutia kigoda, ataanza kunipa pole. Nakuahidi nitamkatiza kabla hajamaliza.

Wifi yako,
Joyce